Kuiacha Dawa Nayo Ni Tiba: Steroidi katika Mitaa ya Eastlands, Nairobi

Ndugu zangu wa Umoja, Kayole, Dandora, Buruburu, Jericho na Pumwani, dai langu jioni hii ni moja. Mtu anayeanzishwa prednisoloni, au dawa yoyote ya jamii ya steroidi, kwa muda unaozidi wiki tatu hivi, anastahili kupewa siku hiyohiyo maelezo yaliyoandikwa ya namna atakavyoiacha. Yasipokuwepo, ametibiwa nusu. Nasisitiza yaandikwe kwa sababu sote tunaijua ile bahasha ndogo ya dawa, ya karatasi ya khaki au ya plastiki: jina la dawa limeandikwa kwa kalamu ya bluu, chini yake 2×3 au 1×2, na pengine maneno "baada ya chakula". Bahasha hiyo inasema vidonge vingapi na mara ngapi kwa siku. Haisemi mpaka lini, wala haisemi vidonge vikiisha ufanye nini. Kwa dawa ya kuumwa na kichwa, pengo hilo halina neno. Kwa steroidi linaweza kumwangusha mtu sakafuni asubuhi, na akikosa msaada wa haraka linaweza kumuua.

Tuanze na sababu ya dawa hii kupendwa, maana tusipoielewa tutawalaumu wagonjwa bure. Tarehe 21 Septemba 1948, katika kliniki ya Mayo jimboni Minnesota, Marekani, daktari Philip Hench na wenzake walimdunga mwanamke mwenye baridi yabisi kali kemikali ambayo Edward Kendall alikuwa ameitenga kutoka kwenye tezi za adrenali. Mwanamke huyo alikuwa amekakamaa viungo kiasi cha kushindwa kujigeuza kitandani. Baada ya siku chache alitoka hospitalini kwa miguu yake kwenda madukani. Kemikali hiyo, ya jamii ya steroidi kama prednisoloni, ikaitwa kotisoni, na mwaka 1950 Hench, Kendall na Tadeus Reichstein wa Uswisi wakapewa Tuzo ya Nobel. Lakini wagonjwa haohao wa mwanzo walipokatiwa sindano, ugonjwa ulirudi. Mwaka 1952, madaktari wa Marekani walichapisha habari za mgonjwa wa baridi yabisi aliyekuwa ametumia kotisoni kwa miezi, akafanyiwa upasuaji, presha yake ikaporomoka, akafariki. Maiti ilipochunguzwa, tezi zake za adrenali zilikutwa zimesinyaa. Ndani ya miaka minne tu dunia ilikuwa imeshaona maajabu ya dawa hii na gharama yake. Miaka zaidi ya sabini imepita tangu hapo, na bado maajabu yanauzwa mitaani bila gharama kutajwa.

Gharama hiyo inatokana na jinsi mwili ulivyoumbwa. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo inayotoa homoni ya kotisoli. Homoni hii hupanda alfajiri, hufika kileleni saa za kuamka, kisha hushuka pole pole hadi usiku wa manane. Ndiyo inayoshikilia presha na sukari ya damu, na ndiyo inayomwezesha mtu kustahimili homa, jeraha au upasuaji bila kuzimia. Ubongo hupima kiasi chake kwenye damu na kuiamuru tezi itoe zaidi au ipunguze. Kidonge kimoja cha prednisoloni cha miligramu 5 kinakaribia, na pengine kuzidi kidogo, kotisoli yote ambayo mwili wa mtu mzima hutengeneza kwa siku. Anayemeza vidonge vinane anauletea mwili mzigo wa wiki nzima kwa siku moja. Ubongo ukiona damu imejaa, unanyamaza, na tezi isiyopata amri inadhoofika. Ni kama ploti inayoletewa maji na boza mwaka mzima: mfereji wa kanjo hauguswi, mabomba yanashika kutu, na siku boza isipokuja, kuufungua mfereji hakuleti maji papo hapo. Mwaka 1965 watafiti wa Marekani waliwafuatilia wagonjwa walioacha steroidi baada ya kuzitumia muda mrefu, wakaona kwamba amri ya ubongo hurudi kwanza, katika miezi ya mwanzo, lakini tezi zenyewe hukawia, na kwa baadhi yao hali haikutengemaa mpaka mwezi wa tisa. Hiyo miezi ya katikati ndiyo ninayoizungumzia. Mtu anaonekana mzima, anapanda matatu ya Jogoo Road kwenda kazini kama kila mtu, na ndani yake hana akiba ya kukabiliana na homa kali.

Katika nyumba zetu dawa hii ina milango mingi ya kuingilia. Mtoto anayekulia karibu na moshi wa jaa la Dandora, lililofunguliwa mwaka 1975 na kutangazwa kujaa mwaka 2001, hupewa prednisoloni pumu inapombana. Mama anayeamka vidole vimekakamaa kwa baridi yabisi hupewa hiyohiyo, na msichana mwenye lupasi, ugonjwa ambao kinga huushambulia mwili wenyewe, na mtoto ambaye figo zake zinavujisha protini hadi uso na miguu vikavimba. Hizi zote ni njia halali, na kwa baadhi ya wagonjwa hawa steroidi ndiyo iliyowaokoa. Lakini kuna milango ya uani. Kuna deksamethasoni wanayopeana vijana ili wanenepe mashavu na makalio, na kidonge chake cha nusu miligramu, kwa udogo wake wote, kina nguvu ya zaidi ya miligramu 3 za prednisoloni. Kuna krimu za kung'arisha ngozi zenye klobetasoli, ambayo ni miongoni mwa steroidi kali kabisa za kupaka. Ikipakwa mwili mzima kila siku hupenya hadi kwenye damu, na ngozi iliyoizoea huwaka moto ikiachwa. Kisha kuna chupa na vidonge vya "mitishamba ya viungo". Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwaonya wananchi zaidi ya mara moja kuhusu bidhaa iitwayo Artri King, iliyouzwa kama tiba asilia ya viungo. Maabara ilikuta ndani yake deksamethasoni na diklofenaki ambazo hazikutajwa popote kwenye lebo. Onyo hilo liliwakataza watumiaji kuiacha ghafla bila daktari, kwa sababu walikuwa wametumia steroidi bila kujua. Anayekuuzia mitishamba stejini inayoondoa maumivu ya miaka mitano kwa siku mbili, na maumivu hayo yakarudi kwa ukali zaidi pindi chupa inapoisha, huenda anakuuzia kitu hichohicho. Sisemi kila dawa ya mitishamba ni hivyo. Nasema alama hiyo ya nafuu ya haraka na marudio makali ni ya kutiliwa shaka, na daktari aambiwe.

Kinachotokea mtu anapokatiza ghafla baada ya miezi kadhaa kinajulikana, ila kwetu kinaitwa kwa majina mengine. Anasikia uchovu usiokuwa wa kawaida, kisunzunzi akisimama, kichefuchefu, tumbo linamkata, anatapika. Akipata homa juu yake, presha inaporomoka. Kwenye kliniki ndogo ya mtaa, mtu mwenye dalili hizo hupimwa malaria na taifodi, hupewa dawa za malaria na taifodi, na kurudishwa nyumbani. Sisemi haya kuwadharau wahudumu wa kliniki hizo. Dalili zenyewe zinafanana, na mgonjwa hakusema kwamba wiki iliyopita aliacha vidonge. Ila tiba ya hali hiyo ni nyingine kabisa: sindano ya haidrokotisoni miligramu 100 na maji ya chumvi kwenye mshipa, mara moja, bila kungoja majibu ya maabara. Sindano hiyo si ngeni, kwa kuwa ndiyo hutumiwa pumu inapozidi. Dawa ipo rafuni, na swali linalopaswa kuulizwa haliulizwi: je, umetumia steroidi mwaka huu?

Nije kwenye hesabu ya kushuka, kwa sababu hapa ndipo wengi hukosea wakiwa na nia njema. Kidonge kinachopatikana kwa urahisi kwetu ni cha miligramu 5. Mgonjwa aliyeko kwenye 40 akitoa kidonge kimoja, amepunguza sehemu moja kati ya nane. Mwili haustuki sana. Aliyeko kwenye 5 akitoa kidonge kimoja, ameondoa chote. Kwa macho ni kidonge kilekile, kwa mwili ni mambo mawili yasiyolingana. Ndiyo maana hatua huwa kubwa juu na hupungua kadiri mtu anavyoshuka. Mara nyingi, ugonjwa ukiwa umetulia, daktari huweza kushusha miligramu 5 au hata 10 kwa wiki moja au mbili mtu akiwa juu ya 20. Chini ya hapo hukata kidonge nusu na kushusha 2.5, chini ya 10 husubiri wiki kadhaa kati ya hatua na hatua, na pengine humpangia mgonjwa kidonge kizima leo na nusu kesho. Mwaka 2024 vyama vya madaktari wa homoni vya Ulaya na Marekani vilitoa mwongozo wa pamoja unaosema kwamba mtu akifika kwenye miligramu 4 hadi 6, asimame aulizwe: tezi zimeamka? Njia mojawapo ni kuendelea kushuka taratibu ukimwangalia. Nyingine ni kupima kotisoli ya asubuhi, kabla hajameza dozi ya siku hiyo. Ikizidi nanomoli 300 kwa lita, anaweza kuacha. Ikiwa chini ya 150, aendelee na apimwe tena baada ya miezi michache. Katikati, avute subira. Nambari hizi nimezitaja ili mjue kwamba kuna elimu nyuma ya subira hiyo. Asizichukue mtu akajipangia mwenyewe, kwa kuwa mwenye pumu, mwenye lupasi ya figo na mwenye baridi yabisi hawashuki kwa mwendo mmoja. Na ile 2×3 ya bahasha nayo ina walakini: kwa magonjwa mengi prednisoloni humezwa mara moja, asubuhi, ili ifuatane na saa ya mwili. Ile ya usiku huzuia usingizi, na huzidi kuinyamazisha amri ya ubongo inayopaswa kupanda alfajiri.

Mtu ataniuliza, na ana haki: basi hata mtoto aliyepewa vidonge vya siku tano kwa ajili ya pumu ashushwe wiki nzima? Hapana. Dozi fupi hazihitaji kushushwa kwa ajili ya tezi, na mwongozo huohuo wa 2024 unasema hivyo kwa matumizi yasiyofika wiki tatu au nne. Mwaka 2013 watafiti wa Uswisi walionyesha kwamba kwa wagonjwa wa mapafu yaliyoziba kwa miaka, walioshambuliwa ghafla, siku tano za prednisoni, ndugu wa prednisoloni, zilitosha sawa na siku kumi na nne. Kuwatisha watu kwa dozi fupi kungewafanya waiogope dawa siku inapohitajika, na pumu inayomkaba mtu saa nane za usiku haingoji mjadala. Ninachokiogopa ni dozi fupi zinazorudiwa. Anayenunua vidonge vya siku tano kwenye duka la dawa mwezi huu, na mwezi ujao, na mwezi wa tatu, huyo ni mtumiaji wa muda mrefu asiyehesabiwa. Hakuna anayejumlisha bahasha zake. Kwa mwenye pumu, marudio hayo ni ishara kwamba anahitaji pampu ya steroidi ya kuvuta kila siku, yenye kiasi kidogo kinachofika mapafuni, badala ya ile ya salbutamoli peke yake ambayo hufungua njia ya hewa bila kutuliza uvimbe uliomo.

Hapo nimegusa kiini cha hoja yangu. Kushuka kunafaulu pale tu panapokuwa na kitu kingine kinachoushika ugonjwa. Steroidi haiuondoi ugonjwa. Inauzima uvimbe huku sababu yake ikiwa palepale. Ukiondoa mkono bila kuweka mwingine, uvimbe unarudi, mgonjwa anakimbilia vidonge, na watu wanasema "ameshakuwa mraibu". Si mraibu, alishushwa akiwa hana tegemeo. Ushahidi uko wazi. Mwaka 2020 jarida la Lancet lilichapisha jaribio lililoitwa SEMIRA, la wagonjwa wa baridi yabisi waliokuwa wametulia kwa sindano ya tosilizumabu huku wakimeza prednisoni miligramu 5. Nusu waliendelea, nusu wakashushwa miligramu moja kila wiki nne mpaka wakaacha. Miongoni mwa walioendelea, asilimia 77 walibaki wametulia. Miongoni mwa walioshushwa, asilimia 65. Mwaka huohuo watafiti wa Ufaransa walitoa matokeo ya wagonjwa wa lupasi iliyokuwa imelala: waliobaki kwenye miligramu 5, asilimia 7 ugonjwa uliwaamkia ndani ya mwaka; walioacha, asilimia 27. Mtu anaweza kuyasoma matokeo haya akasema, mnaona, kuacha ni hatari. Mimi nasoma jambo jingine ndani yake. Karibu theluthi mbili ya wagonjwa wa kundi la kwanza, na karibu robo tatu ya kundi la pili, waliiacha dawa wakabaki salama, na wengi wao walikuwa wameshikwa na dawa nyingine na kufuatiliwa kwa karibu. Wale waliorudiwa na ugonjwa waligunduliwa mapema kwa sababu kulikuwa na mtu wa kuwaangalia.

Tosilizumabu haipatikani kwa mapato ya familia nyingi za Kayole, hilo nalijua. Lakini dawa za kushika ugonjwa haziishii hapo. Kwa baridi yabisi kuna methotreksati, inayomezwa mara moja tu kwa wiki, pamoja na asidi ya foliki na vipimo vya damu na ini. Narudia, kwa wiki, kwa kuwa aliyeimeza kila siku kwa makosa anaweza kufa. Kwa lupasi kuna haidroksiklorokwini, ileile iliyogombaniwa duniani kote mwaka 2020 kwa ajili ya korona huku wagonjwa wa lupasi waliokuwa wakiitegemea wakikosa. Dawa hizi hazina haraka ya prednisoloni. Methotreksati huchukua wiki sita hadi kumi na mbili kuonyesha kazi yake, haidroksiklorokwini miezi miwili mitatu au zaidi. Kwa hiyo zinatakiwa kuanzishwa mapema, steroidi ikiwa bado inashikilia, na kushuka kuanze zikiwa zimeshika. Mgonjwa ambaye hajaelezwa hili huacha methotreksati wiki ya tatu akisema haifanyi kazi, na hubaki na prednisoloni ambayo anaiona inafanya kazi siku hiyohiyo. Anaamua kwa alichokiona, na hakuna aliyemwambia kuna kingine cha kungojea.

Kwa mitaa yetu kuna jambo la kifua kikuu ambalo wageni hulisahau. Steroidi za muda mrefu hudhoofisha kinga, na kifua kikuu kilichokuwa kimelala huweza kuamka. Kisha mgonjwa akianza tiba ya kifua kikuu, rifampisini huliharakisha ini kuivunja prednisoloni, hata mtu anayemeza vidonge vyote kama alivyoagizwa anakuwa kama aliyepunguziwa dozi bila kuambiwa. Kinyume chake, ritonavia, iliyomo katika baadhi ya dawa za virusi vya ukimwi, huikwamisha steroidi mwilini ikajaa kupita kiasi, hata ile ya kuvuta kwa pampu. Na kifua kikuu chenyewe kinaweza kuziharibu tezi za adrenali; Thomas Addison wa London alipoueleza ugonjwa wa tezi hizo mwaka 1855, wengi wa wagonjwa wake walikuwa na kifua kikuu. Kwa hiyo kliniki ya kifua kikuu na ile ya viungo zinapaswa kuyasoma makaratasi yaleyale. Mgonjwa akibeba daftari moja, zitasoma.

Wakati wa kushuka, maumivu yatakuja, na hapa panahitaji utulivu mkubwa kuliko mahali pengine popote. Siku chache baada ya kupunguza, mtu anaweza kuhisi mwili mzima unauma, misuli imechoka, moyo umemwinamia, usingizi umemkimbia. Anaamini ugonjwa umerudi, anarudisha vidonge vinne, anapata nafuu, na imani yake inathibitika. Lakini maumivu ya namna hiyo, yasiyo na kiungo kilichovimba, yanayotokea kila baada ya hatua na kupungua ndani ya wiki moja au mbili, mara nyingi ni mwili unaolalamika kwa kukosa dawa uliyoizoea. Hupita kwa kusimama kwenye hatua hiyo bila kuendelea kushuka. Ugonjwa unaporudi kweli huja na sura yake ya zamani: vidole vilivyovimba na vyenye moto, kukakamaa asubuhi kwa zaidi ya saa nzima, vidonda vya mdomoni kwa mwenye lupasi, mkojo wenye povu kwa mwenye ugonjwa wa figo, kikohozi na mluzi wa kifua usiku kwa mwenye pumu. Huo unahitaji daktari aangalie dawa inayoushika, na pengine kupandisha dozi kwa muda. Na tezi zilizolala hujionyesha kwa njia ya tatu: kisunzunzi akisimama, hamu ya chakula kupotea, kutapika, uzito kushuka, presha ya chini. Hiyo haingojwi hata siku moja. Mgonjwa aliyeandikiwa tofauti hizi kwa Kiswahili anachokitumia nyumbani anaweza kuamua saa nne za usiku kama ni suala la kulala au la kutafuta gari. Asiyeandikiwa ana chaguo moja tu, vidonge.

Pingamizi zito zaidi ninalolisikia ni la umaskini: mipango ya miezi sita ni ya watu wenye bima na daktari wa familia, huku mtu anahangaika na kodi ya nyumba. Ni kweli kwamba madaktari bingwa wa viungo nchini ni wachache mno, na waliopo wengi wako hospitali kuu na za binafsi. Upungufu huo ndio uliozaa mradi ulioitwa UWEZO, uliowafundisha wahudumu wa afya wa kawaida kuyatambua magonjwa ya viungo, na wazo lake lilikuwa sahihi. Lakini tuangalie kushuka kunahitaji nini hasa. Kunahitaji karatasi yenye tarehe na dozi. Kunahitaji mtu wa kupima presha, sukari na uzito mara kwa mara, na kuuliza maswali matano. Septemba 2023 serikali ilizindua kikosi cha wahudumu wa afya ya jamii wapatao laki moja nchi nzima, wakapewa mikoba yenye kipimo cha presha, kipimo cha sukari na mizani. Wanapita milango yetu. Kumwongezea mhudumu huyo swali la steroidi hakuhitaji mashine mpya. Bingwa, au daktari wa hospitali ya Mama Lucy Kibaki, anahitajika mwanzo ili kupanga, na katikati pale mambo yanapoharibika. Hahitajiki kila wiki. Na anayesema kushuka ni ghali ajumlishe upande wa pili: kisukari kilichozuliwa na vidonge, mtoto wa jicho, mfupa wa nyonga uliooza, mfupa wa mgongo uliobonyea. Hatari ya kuvunjika mifupa hupanda ndani ya miezi michache tu ya mwanzo.

Mwenye duka la dawa naye ana la kusema. Atasema kwamba mteja akikataliwa kwake atapewa duka la pili, hatua ishirini mbele, na kwamba mtu huyo anataka kwenda kazini kesho. Sheria inataka cheti cha daktari kwa dawa hizi na sitaificha, lakini sheria peke yake haijawazuia wauzaji, na kuwavamia kwa misako bila kumpa mgonjwa pa kwenda kutamsukuma kwa muuza chupa wa stejini. Ninachomwomba mfamasia ni kidogo kuliko anavyodhani: asiuze steroidi bila kuuliza mara ya mwisho mteja aliinunua lini, aandike kwenye bahasha tarehe ya kwanza na ya mwisho, na akiona ni mara ya tatu, ampeleke kwa daktari. Wafamasia wengi wa mitaa hii wana elimu ya kufanya hivyo na wangependa kufanya hivyo. Tuwadai, na tuwaheshimu wanapotukatalia.

Limebaki pingamizi la daktari mwenye busara, anayeuliza kwa nini mgonjwa asibakishwe kwenye miligramu 5 maisha yake yote kuliko kumhangaisha. Ana ushahidi wake. Mwaka 2022 yalitolewa matokeo ya jaribio la GLORIA barani Ulaya, la wagonjwa wa baridi yabisi wenye miaka 65 na zaidi waliopewa miligramu 5 kwa miaka miwili. Maumivu yalipungua na viungo viliharibika kidogo kuliko kwa waliopewa kidonge bandia. Upande wa pili, asilimia 60 walipata angalau dhara moja lililokuwa likifuatiliwa, mengi yakiwa maambukizi, dhidi ya asilimia 49 kwa wenzao. Kwa bibi wa miaka sabini ambaye methotreksati imemkataa, huenda miligramu 5 ni uamuzi mwema, na sitamwambia aiache. Kwa mtu wa miaka thelathini anayeishi chumba kimoja na watu wanne, penye kifua kikuu, miaka arobaini ya kidonge hicho ni hesabu nyingine. Wote wawili wanastahili uamuzi uliofanywa kwa makusudi, ukaandikwa, ukapitiwa tena kila baada ya miezi. Kubaki kwenye dawa kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuuliza si uamuzi.

Na anayebaki ana mahitaji yake. Akipata homa kali, dozi yake ndogo huongezwa kwa siku chache. Akitapika vidonge, anahitaji sindano, siku hiyohiyo. Akienda kupasuliwa, au mama akienda kujifungua hospitali ya Pumwani, wahudumu waambiwe kabla. Mwislamu anayetaka kufunga Ramadhani azungumze na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, kwa sababu siku nzima bila maji kwa mtu ambaye tezi zake zimelala ni hatari, na dini imemruhusu mgonjwa kula. Kadi ya haya yote inatosha kwenye nusu karatasi: jina la dawa, dozi, tarehe ya kuanza, tarehe za kushuka, dalili za hatari, na mstari wa mwisho kwa ajili ya daktari wa dharura atakayempokea akiwa hawezi kusema, kwamba mtu huyu anatumia steroidi, apewe haidrokotisoni kwanza. Iwekwe pamoja na kitambulisho.